Windows 10: kwa nini masasisho yanakataa kila mara kwenye ordinatere za mashariki mwa Kongo

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft haitunzi tena Windows 10 kwa kila mtu. Mfumo huo uliotoka Julai 2015 ndio unaoendesha bado ordinatere nyingi za Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Uvira na Kalemie: za maofisi ya serikali, za shule, za mashirika, za sekretariati za barabarani ambako tunachapisha karatasi zetu. Kwa watu binafsi Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa ulinzi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na mwaka huo unaweza kupatikana bila kutoa feza. Lakini kuna sharti ambalo huku kwetu linafunga mlango kwa wengi: mashine iwe imefika kwenye 22H2, toleo la mwisho la Windows 10, na iweze kweli kupokea masasisho ya kila mwezi.

Hapo ndipo shida iko. Kwenye mashine nyingi sasisho, lile ambalo wengi wetu tunaita tu mise à jour, linaanza, linafika asilimia 30 au 90, mashine inajizima na kujiwasha, kisha maandishi yanatokea kwamba mabadiliko yanafutwa. Kesho yake linaanza tena. Wiki inaisha hivyo, na mega zinaisha hivyo. Mwishoni mwenye mashine anaipeleka kwa fundi, na mara nyingi fundi anafanya moja kati ya mambo mawili: anaiformata na kuweka Windows upya, ama anazima masasisho kabisa ili ujumbe usionekane tena.

Mambo hayo mawili yanatuliza mteja, lakini mara nyingi hayagusi ugonjwa. La pili linauongeza. Sasisho la Windows lilitengenezwa kwa nyumba ambayo moto haukatiki, intaneti hailipwi kwa mega, na diski ina nafasi. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, sasisho linakataa. Na namna linavyokataa, ukiitazama vizuri, inaonyesha kilichokosekana.

Safari ya hatua nne

Sasisho si kitendo kimoja. Kwanza mashine inashusha faili kutoka seva za Microsoft. Pili inakagua kama faili hizo ni za kweli, kwa kusoma saini yake ya kidijitali. Tatu inaziandaa pembeni wakati wewe unaendelea na kazi. Nne, inapozimwa na kuwashwa, inaondoa vipande vya zamani vya mfumo na kuweka vipya mahali pake.

Ikikwama kwenye kushusha, tafuta kosa kwenye mtandao. Ikikwama kwenye kukagua, tazama saa ya mashine, au faili zilizofika zikiwa zimeharibika. Kwenye maandalizi, mara nyingi ni nafasi ya diski au ni mfumo wenyewe ulioharibika ndani. Ikikataa baada ya kuwashwa upya, angalia umeme, vifaa vilivyochomekwa, au vile visehemu vya diski ambavyo hatuvioni.

Windows inaandika pia namba inayoanza na 0x. Watu wengi wanaipita bila kuisoma, na fundi akiuliza hakuna anayeikumbuka. Ipigwe picha kwa simu. 0x80070070 inasema nafasi imekwisha. 0x80072f8f mara nyingi inasema tarehe ya mashine si ya kweli. 0x80073712 inasema kuna vipande vya Windows yenyewe vilivyopotea au kuharibika. Namba hizo si ukweli mtupu kila siku, kama tutakavyoona chini kwa habari ya Januari 2024, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Moto na mega

Bukavu inategemea mitambo ya Ruzizi. Goma, kwa sehemu kubwa, inategemea umeme unaotoka Matebe katika eneo la Rutshuru, na mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano, mji huo ulikaa siku kadhaa bila moto wala maji. Lakini hata siku za kawaida moto unakatika bila kuaga. Sasa ongeza hali ya ordinatere zenyewe. Sehemu kubwa ni laptopu za okazioni zilizofanya kazi miaka mingi katika maofisi ya Ulaya au kupitia Dubai kabla ya kutufikia. Betri zake zimekwisha kufa. Zinaitwa laptopu, lakini waya ukitoka zinazimika papo hapo.

Umeme ukikatika katika hatua ya nne, Windows kwa kawaida haifi. Imeandika kila kitu ilichokuwa inafanya, na ikiwashwa inajaribu kurudi nyuma. Ndiyo maana mtu anaona maneno ya kufuta mabadiliko. Ubaya unakuja taratibu: mashine iliyokatikiwa mara nyingi katikati ya kazi hiyo inaweza kubaki na orodha ya vipande isiyolingana na vipande vilivyopo. Kutoka siku hiyo masasisho yanakataa hata moto ukiwa imara, na mwenye mashine hawezi kujua kwamba kosa la leo lilizaliwa miezi mitatu iliyopita.

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi sana. Windows 10 inachagua yenyewe kujiwasha upya nje ya masaa ya kazi, kwa kawaida usiku. Huko ilikotengenezwa, usiku ni wakati wa utulivu. Huku usiku ni saa ambayo mtaa hauna moto, au jenereta imezimwa sababu ya bei ya mafuta. Katika mipangilio kuna mahali panapoitwa « Heures d'activité ». Ofisi yenye jenereta inayofanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa ingefaa kuliwasha sasisho kwa mkono saa nne, mtu akiwa hapo, kuliko kuliachia usiku.

Mega nazo zina hesabu yake. Wengi wetu tunapata intaneti kwa kugawa ile ya simu. Windows ikitambua kwamba muunganisho huo ni « connexion limitée », inasubiri na haishushi karibu kitu. Hilo si kosa, ndiyo kazi yake, lakini mtu anaona sasisho limesimama miezi minne na kufikiri mashine ina virusi. Kama haijatambua, inameza kifurushi chote dakika mtu anapoingia kusoma barua pepe yake.

Habari njema ni kwamba masasisho ya Windows 10 yanajumlishwa. La mwezi huu lina ndani yake ya miezi iliyotangulia, kwa hiyo aliyekosa miezi mitano hashushi mara tano. Kushusha kukikatika, kunaweza kuendelea pale kulipofikia. Lakini Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft inatoa jipya, na lile ulilokuwa unavuta kidogo kidogo kwa siku ishirini linawekwa pembeni kabla halijakamilika. Mwenye mtandao dhaifu anaweza kukimbia hivyo mwaka mzima bila kufika.

Njia ya kutoka ni kuacha kuvuta kidogo kidogo. Microsoft ina ukurasa wake wa katalogi, catalog.update.microsoft.com, ambako kila sasisho linapatikana kama faili moja. Unatafuta kwa namba yake inayoanza na KB, unahakikisha linalingana na toleo lako na kama mashine ni ya biti 64 au 32, unalishusha mara moja mahali penye mtandao mzuri, unaliweka kwenye kile kifunguo cha USB, na unaliweka kwenye mashine zote za ofisi. Mashine zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaweza pia kugawana zilichoshusha, ukiruhusu hilo kwenye « Optimisation de la distribution ». Kwa sibere yenye mashine kumi, tofauti kati ya kushusha mara moja na mara kumi ni feza inayoonekana.

Pili ndogo ya duara

Kati ya sababu zote, hii ndiyo inayonishangaza zaidi, sababu dawa yake ni kitu kidogo kama kifungo cha koti. Ndani ya ordinatere nyingi kuna pili ya duara, CR2032, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Kwenye mashine za miaka kumi na zaidi pili hiyo imekufa. Kila moto ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Windows inapotaka kuzungumza na seva za Microsoft, inakagua vyeti vya usalama, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kwa mashine inayoamini kwamba tuko mwaka 2012, cheti cha mwaka huu bado hakijazaliwa. Inakikataa, na sasisho linakataa pamoja nacho.

Mtu akiona pia kwamba kurasa nyingi za intaneti zinamwambia muunganisho si salama, atazame kwanza saa kwenye pembe ya skrini kabla ya kulipa mtu.

Diski iliyokatwa vibaya

Mafundi wetu wana desturi ya kuigawa diski mara mbili wanapoweka Windows: C ndogo kwa ajili ya mfumo, D kubwa kwa ajili ya faili. Wazo si baya, maana mashine ikiformatwa faili za D zinabaki. Ubaya ni kipimo. C ya gigabaiti 40 ilitosha miaka ya Windows 7. Leo Windows 10 yenyewe, pamoja na Office, faili za muda na gigabaiti karibu 7 ambazo matoleo mapya yanaweza kujiwekea akiba kwa ajili ya masasisho, inaijaza yote. Mtu anaona D ina gigabaiti 300 tupu na haelewi kwa nini mashine inalalamika nafasi. Zile laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya gigabaiti 32 tu ziko pabaya zaidi. Kwazo kuingia toleo jipya bila diski ya nje ni karibu haiwezekani.

Kabla ya kufuta picha za harusi, anza na chombo cha Windows chenyewe cha kusafisha diski, ukikiomba kisafishe faili za mfumo. Masalia ya masasisho ya zamani peke yake yanaweza kuwa gigabaiti nyingi.

Januari 2024: siku kosa lilipokuwa la Microsoft

Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 kwa Windows 10. Dunia nzima, mashine nyingi zilizokuwa na afya njema zikaanza kulikataa, kila siku, kwa namba 0x80070643. Watu walisafisha diski C, wakaongeza nafasi, wakazima antivirusi, wengine wakaformata. Sasisho likaendelea kukataa, hata kwenye Windows iliyowekwa upya jana yake.

Sababu ilikuwa imejificha. Pembeni ya C, Windows inatengeneza kisehemu kidogo cha diski ambacho hakionekani, chenye vyombo vya kuokoa mashine isipowaka. KB5034441 ilitaka kubadilisha vyombo hivyo, na ilihitaji megabaiti 250 tupu ndani ya kisehemu hicho. Kwenye mashine nyingi Windows yenyewe ilikuwa imekitengeneza kidogo mno. Kusafisha C hakukusaidia lolote.

Namba nayo ilikuwa ya uongo. Microsoft ilikubali kwamba, kwa hitilafu katika programu yake, mashine ilionyesha 0x80070643 mahali pa namba ya kusema nafasi haitoshi. Na 0x80070643 ilikuwa inajulikana tangu zamani kwa makosa mengine kabisa, ya antivirusi ya Windows na ya programu za .NET, kwa hiyo waliotafuta msaada kwenye intaneti walipelekwa njia isiyo yao.

Dawa ambayo kampuni iliandika ilikuwa kufungua dirisha jeusi la amri, kupunguza C kwa megabaiti 250, kufuta kile kisehemu cha kuokoa na kukitengeneza upya. Mtu asiye fundi akikosea namba moja hapo, anafuta diski yake. Mtu anayefanya hivyo Bukavu, moto ukikatika katikati, hali yake ni hiyohiyo. Miezi kadhaa baadaye Microsoft ikatangaza kwamba hakutakuwa na suluhisho la moja kwa moja kwa Windows 10, na Agosti 2024 ikabadilisha sasisho hilo kwa lingine.

Kichekesho ni kwamba tundu lililokuwa linazibwa lilihusu BitLocker, ufunguo wa kuficha diski nzima ili mwizi wa mashine asisome kitu. Mashine nyingi za huku hazijawahi kuwasha BitLocker. Wengi walipoteza siku na feza juu ya sasisho ambalo kwao halikulinda kitu. Kwa hiyo ni lazima tuwe waangalifu tunapomwambia kila mwenye mashine kwamba kosa liko kwake au kwa moto wa mji wake. Sasisho likikataa kwa mashine nyingi siku moja, kitu cha kwanza si kuformata. Tafuta namba ya KB kwenye ukurasa wa Microsoft unaoorodhesha matatizo yanayojulikana, kisha subiri siku chache.

Kutengeneza, kwa mpangilio

Kama tarehe ni ya kweli, nafasi ipo, mtandao upo na bado linakataa, kazi inayobaki inafanyika kwa chini ya masaa mawili, na haigusi faili za mtu. Ondoa vifaa vyote vya USB visivyo vya lazima. Endesha chombo cha Windows cha kutatua matatizo ya masasisho. Hakitibu mara nyingi, lakini hakiharibu.

Baadaye futa mzigo wa zamani. Windows inaweka ilichoshusha ndani ya folda C:\Windows\SoftwareDistribution, na faili moja iliyofika nusu humo inatosha kuangusha kila jaribio. Fungua dirisha la amri kama administrateur, andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, badilisha jina la folda hiyo, halafu net start kwa zote mbili. Windows itatengeneza folda mpya tupu. Kitakachopotea ni orodha ya historia ya masasisho pamoja na mega zilizokwisha kutumika.

Kama hilo halikutosha, shida iko ndani ya Windows. Amri DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth inalinganisha vipande vya mfumo na vile vya asili na kuleta vinavyokosekana. Ikimaliza, sfc /scannow inarekebisha faili zinazotumika. Mafundi wengi wanaanza na sfc peke yake na kushangaa kwamba haisaidii, lakini sfc inachukua vipande kutoka kwenye ghala ambalo DISM ndiyo inayolitengeneza. Ghala likiwa limeharibika, sfc inakosa kipande kizuri cha kuweka mahali pa kibovu. DISM inahitaji intaneti, isipokuwa ukiielekeza kwenye nakala kamili ya Windows iliyo kwenye kifunguo cha USB.

Nakala hiyo kamili ndiyo pia silaha ya mwisho kabla ya kuformata. Ukiifungua ndani ya Windows inayofanya kazi na kuchagua kubaki na faili na programu, inaweka mfumo upya juu ya ule wa zamani na kuacha kila kitu chako mahali pake. Inashangaza ni wateja wangapi wanalipia kuformata bila kuambiwa kwamba njia hiyo ipo.

Windows za soko

Sehemu kubwa ya Windows zilizo kwenye mashine zetu hazikununuliwa, kila mtu anajua. Microsoft haizuii masasisho ya usalama kwa mashine ambayo haijaamilishwa. Kinachozuia ni kitu kingine: zile Windows zilizopunguzwa, zinazosambazwa kwa sifa ya kuwa nyepesi. Aliyezitengeneza amekata vipande ili ziende haraka kwenye mashine zenye kumbukumbu ndogo. Sasisho likija linatafuta kipande kilichokatwa, halikioni, linakataa. Kwa mashine ya namna hiyo hakuna amri itakayosaidia. Inabidi kuweka Windows kamili, na chombo cha kuitengeneza kinatolewa bure na Microsoft yenyewe. Tena programu za kuvunja funguo ndizo mlango ambao virusi vinapenda zaidi, maana sharti lake la kwanza ni kuzima antivirusi.

Kwa nini kuzima si dawa

Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga faili za ordinatere zaidi ya 200.000 katika inchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Nchini Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Sasisho lililoziba tundu hilo lilikuwa limetoka tarehe 14 Machi, miezi miwili mbele. Nyingi ya mashine zilizoanguka zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuliweka.

Hapa kwetu takwimu za afya za inchi zinaingizwa katika programu DHIS2, na kwenye zone de santé nyingi anayeziingiza ni mtu mmoja mwenye laptopu moja. Mashine hiyo ikifungwa na kirusi wiki ya kipindupindu, haitakuwa shida ya Microsoft.

Lakini woga wa watu si upumbavu. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 kwa sababu lilifuta faili za baadhi ya watumiaji. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni nyingine, CrowdStrike, liliangusha mashine za Windows milioni 8,5 kwa siku moja na kuzuia ndege kuruka. Mtu anayesubiri siku saba kabla ya kuweka sasisho, kwa kitufe cha kulisimamisha ambacho Windows inacho, ana akili. Aliyezima kabisa tangu 2021 hasubiri tena kitu.

Kinachobaki kabla ya Oktoba 2026

Kwa mtu binafsi, kujiandikisha kwa mwaka wa nyongeza kunafanyika ndani ya ukurasa wa Windows Update. Unahitaji akaunti ya Microsoft na toleo 22H2. Ukikubali mipangilio ya mashine ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi. Usipotaka, ni dola 30 za Marekani, na kwa mkaaji wa Goma au Bukavu, ambako banki nyingi zimefungwa tangu mwanzo wa mwaka 2025, kulipa kwa kadi ni hadithi nyingine. Mashirika na makampuni yana mlango wao: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka unaofuata, kwa miaka mitatu.

Hata walioingia hawakukosa mikosi. Novemba 2025, sasisho la kwanza la mwaka wa nyongeza, KB5068781, lilikataa kwenye mashine za maofisi zilizokuwa zimelipiwa, kwa namba 0x800f0922. Mwezi huohuo Microsoft ilitoa pakiti ya kuandaa, KB5072653, iwekwe kwanza. Siku ya kutoka kwa sasisho hilo, ilitoa pia KB5071959 kwa watu binafsi ambao kujiandikisha kwenyewe kuliwashinda.

Windows 11 haitawaokoa wengi. Inadai chipu ya usalama TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. HP EliteBook 840 G1 na Dell Latitude E6430, ambazo zimejaa sokoni, ni za vizazi vya nne na vya tatu. Kuna mbinu za kuilazimisha, lakini Microsoft inasema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na tunarudi tulipoanzia. Linux Mint 22, ambayo ni bure na itatunzwa hadi 2029, inafanya kazi vizuri kwenye mashine hizohizo. Shida ni ofisi zinazotumia programu za uhasibu kama Sage, au printa ambayo haielewani na Linux. Kwa sekretariati au shule hilo linaweza kujaribiwa kwa kifunguo cha USB bila kufuta kitu.

Kwa atakayebaki na Windows 10, aanze na kujua mahali alipo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Ukisoma 22H2 na namba 19045, unaweza kujiandikisha leo. Ukisoma 1909 au 20H2, kwanza ifikishe mashine kwenye 22H2 kwa ile nakala kamili: inaomba gigabaiti kadhaa za kushusha, masaa mawili au matatu ya moto usiokatika, na nakala ya faili zako kwenye diski nyingine kabla ya kubonyeza chochote.